Mayahudi na fidia ya mateka: Mizani iliyoigawa nyumba moja wakati wa vita

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 2025, baada ya sala ya Isha, baraza yetu haikuvunjika mapema kama ilivyo desturi. Muuza kahawa alilijaza dele lake mara ya pili, vikombe vikazunguka, na masikio ya kila mtu yakawa kwenye redio. Habari zilikuwa mbili kwa pamoja. Mateka 20 wa mwisho waliokuwa hai Gaza walikuwa wamerejeshwa Israeli, na Wapalestina karibu 2,000 waliokuwa wamefungwa na Israeli walikuwa wamefunguliwa.

Kijana mmoja aliyeketi ukingoni mwa baraza akanigeukia. "Ami," aliniuliza, "hawa Mayahudi wamekesha miaka miwili wakimlilia mtu wao mmoja mmoja. Na huko Gaza watu wamekufa kwa maelfu. Dini yao ndiyo iwaambiayo hivyo?"

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja alimkatiza: "Mwanangu, usijisumbue. Wale wote ni kitu kimoja."

Kijana alinyamaza kwa adabu. Lakini mimi nililibeba swali lake mpaka nyumbani, maana niliona halikustahili kuzimwa vile. Hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza wakati huo ilikuwa imepita watu 67,000 waliouawa, miongoni mwao watoto kwa maelfu. Mwenye moyo hawezi kusikia idadi hiyo kisha asiulize. Nikaanza kusoma na kupekua. Niliyoyaona ni kwamba Mayahudi hawakuwa kitu kimoja hata siku moja katika vita hivi, na kwamba lililowagawa ni jambo tunalolijua tangu chuoni: kukomboa mateka.

NENO MOJA, LUGHA MBILI

Katika sheria ya Mayahudi kuna faradhi inayoitwa kwa Kiebrania pidyon shvuyim. Aliyepitia chuoni hatapata taabu na maneno hayo. Pidyon ni ndugu wa neno la Kiarabu fidya, ambalo kwetu limekuwa fidia. Na shvuyim ni jamaa ya sabaya, yaani watu waliotekwa. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za shina moja, na hapa hata jambo lenyewe ni moja.

Aliyeipanga faradhi hiyo kwa ufasaha ni Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba, nchi ya Andalusi, katika karne ya 12, akafariki Misri mwaka 1204. Alikuwa tabibu wa wakubwa wa dola ya Salahuddin. Vitabu vyake vingi aliviandika kwa lugha ya Kiarabu akitumia herufi za Kiebrania, kama wazee wetu wa Pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Katika kitabu chake kikuu cha sheria, Musa bin Maimun alimweka mateka mbele ya maskini mwenye njaa na mbele ya asiye na nguo. Sababu yake ni kwamba mateka ana njaa, ana kiu, yu uchi, na juu ya hayo yote roho yake imo hatarini. Mwenye uwezo wa kumkomboa akajifanya haoni, huyo amevunja amri nyingi kwa mara moja.

Wala hakuandika tu. Mwaka 1168 jeshi la Wafaranji wa vita vya msalaba, likiongozwa na Mfalme Amalric wa Jerusalem, liliuvamia mji wa Bilbays nchini Misri na kuchukua mateka wengi, Mayahudi wakiwamo. Musa bin Maimun ndiye aliyesimama kuandika barua kwa jamaa za Kiyahudi ili fedha za fidia zichangwe. Barua za zama hizo zilihifadhiwa katika sinagogi ya Fustat, Cairo ya kale. Zimo humo hata barua za wafanyabiashara waliopita Aden kwenda Bara Hindi kwa bahari hii hii yetu. Humo twasoma bei ya kawaida ya fidia: dinari 100 kwa watu watatu. Jamaa walichanga, mwenye kingi na mwenye kidogo, kwa ajili ya watu ambao mara nyingi hawakuwajua hata kwa sura.

Lakini faradhi hii ina mpaka. Mishna, mkusanyiko wa sheria zao uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Nabii Isa, yaagiza kwamba mateka asikombolewe kwa zaidi ya thamani yake, kwa ajili ya utengamano wa dunia. Wanavyuoni wao waliieleza hivi: ukilipa bei ya kupindukia, mtekaji atapata tamaa, na kesho atateka wengine.

Kisa mashuhuri cha mpaka huo ni cha Rabi Meir wa Rothenburg, mwanachuoni mkubwa wa Ujerumani. Alikamatwa mwaka 1286 na kutiwa ngomeni. Yasimuliwa kwamba aliwakataza watu wake wasilipe fidia kubwa iliyotakiwa, asije akawa sababu ya kila rabi kutekwa. Alifia kifungoni mwaka 1293, na hata maiti yake ikazuiwa. Miaka 14 baadaye, mwaka 1307, tajiri mmoja aliilipia ikatolewa, naye akaomba jambo moja tu: siku yake ikifika azikwe kando ya rabi yule. Makaburi hayo mawili yapo mjini Worms mpaka leo.

Kwa hiyo Myahudi mwenye kushika dini ana maagizo mawili mkononi. La kwanza lamwambia akomboe, maana hakuna sadaka kubwa kuliko hiyo. La pili lamwambia asikomboe kwa bei itakayowaponza wengine. Yote mawili ni dini.

MMOJA KWA 1,027

Ugomvi huo wa kale uliamka upya tarehe 25 Juni 2006, pale askari wa Israeli aitwaye Gilad Shalit alipotekwa mpakani mwa Gaza. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka mitano. Tarehe 18 Oktoba 2011 aliachiliwa, na badala yake wafungwa wa Kipalestina 1,027 wakafunguliwa, baadhi siku ile ile na wengine baadaye. Aliyekuwa Waziri Mkuu na kuyakubali mapatano hayo ni Benjamin Netanyahu. Na miongoni mwa waliofunguliwa alikuwamo Yahya Sinwar, aliyekuja kuwa kiongozi wa Hamas katika Gaza.

Basi ikaja tarehe 7 Oktoba 2023, siku ya Sabato iliyoangukia sikukuu yao ya kuifurahia Taurati. Wapiganaji wa Hamas na wenzao walivuka mpaka. Watu wapatao 1,200 waliuawa, na 251 wakachukuliwa Gaza. Miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo askari, vikongwe, watoto wachanga, wafanyakazi kutoka Thailand, na hata Waislamu wa Kibedui wenye uraia wa Israeli.

Mbele ya Jumba la Sanaa la Tel Aviv pana uwanja ambao tangu siku zile uliitwa Uwanja wa Mateka. Jamaa walitandika pale meza ndefu ya chakula cha usiku wa kuamkia Sabato, kila mateka na kiti chake, na viti vyote vitupu. Chakula cha Ijumaa usiku kwa Mayahudi ni kama futari kwetu: ndicho kinachowakusanya watu wa nyumba moja, aliye mbali akakumbukwa kwa jina. Meza ile kila aliyepita aliielewa bila maelezo.

Kila Jumamosi usiku, Sabato ilipokwisha, watu walikusanyika wakiitaka serikali yao ifanye mapatano. Wazazi waliingia bungeni na picha za watoto wao, wakawapigia mawaziri kelele. Walisema: hii ni faradhi kabla ya faradhi zote, na serikali inayoacha watu wake mikononi mwa adui imevunja ahadi iliyoiunda nchi.

Upande wa pili haukuwa mtupu. Zilikuwapo jamaa za mateka, nyingi zikiwa za watu washika dini, waliounda jumuiya yao wenyewe iitwayo Tikva, yaani Matumaini. Hao walitaka nguvu ya jeshi, si mapatano, na walitoa mfano wa Shalit na Sinwar: bei ya mmoja ililipwa na wengi. Mwezi wa Aprili 2025 Waziri wa Fedha, Bezalel Smotrich, alitamka hadharani kwamba kurejesha mateka si lengo lililo kubwa kuliko yote. Maneno hayo yaliwachoma wazazi.

Mwisho wa Agosti 2024 maiti za mateka sita zilipatikana katika handaki huko Rafah. Walikuwa wamepigwa risasi muda mfupi kabla ya askari kuwafikia. Usiku wa tarehe 1 Septemba mamia ya maelfu walijaa barabarani, na kesho yake chama kikuu cha wafanyakazi kikaitisha mgomo wa nchi nzima. Hao wote walikuwa Mayahudi wakigombana na Mayahudi, na kila upande ukidai kuishika Taurati.

MPAKA WA HURUMA

Hapa ndipo linapoingia swali la yule kijana. Ikiwa roho moja ina thamani hiyo, je, thamani hiyo yakoma mpakani? Wengi katika Israeli walijibu kwa vitendo kwamba yakoma. Runinga zao ziliwaonyesha mateka wao usiku na mchana, na maiti za Gaza zikaonekana kidogo sana. Lakini wako walioikataa njia hiyo, na baadhi yao ni watu ambao msiba uliwaingilia ndani ya nyumba zao.

Rachel Goldberg-Polin ni mama wa Jerusalem mwenye kushika dini, mzaliwa wa Chicago. Mwanawe Hersh, kijana wa miaka 23, alichukuliwa akiwa amekatika mkono mmoja. Kila asubuhi mama huyo alijibandika kifuani kipande cha utepe kilichoandikwa idadi ya siku tangu mwanawe achukuliwe. Desemba 2023, mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa, alisoma shairi alilolitunga kwa ajili ya mama mwingine, wa upande wa pili, anayelia kama yeye. Agosti 2024 yeye na mumewe walisimama mbele ya umati huko Chicago, na mumewe akasema kwamba uchungu umewajaa watu wa pande zote, na kwamba katika kushindania uchungu hapana mshindi. Siku chache baadaye Hersh alikuwa mmoja wa wale sita wa handakini.

Wazazi wa Maoz Inon waliuawa tarehe 7 Oktoba katika nyumba yao huko Netiv HaAsara, karibu na ukuta wa Gaza. Tangu mwanzo Inon alisema hataki kisasi. Aliungana na Mpalestina Aziz Abu Sarah, ambaye kaka yake alikufa kwa majeraha aliyoyapata katika kizuizi cha Israeli. Mwezi wa Mei 2024 wawili hao walikumbatiana mjini Verona, Italia, mbele ya Papa Francis.

Naye Oded Lifshitz, mzee wa miaka 83 wa kijiji cha ushirika cha Nir Oz, alikuwa akiwachukua wagonjwa wa Gaza kwa gari lake kuwapeleka hospitali za Israeli. Alitekwa nyumbani kwake pamoja na mkewe Yocheved. Mkewe aliachiliwa tarehe 23 Oktoba 2023. Alipokuwa akikabidhiwa aligeuka, akampa mkono mmoja wa waliokuwa wakimlinda, akamwambia "shalom". Mumewe alirejeshwa maiti Februari 2025.

Kuanzia Machi 2025, pembeni ya maandamano ya Jumamosi usiku mjini Tel Aviv, walionekana watu waliosimama kimya, kila mmoja na picha ya mtoto wa Gaza aliyeuawa na jina lake. Wengine waliwatukana na kuwaita wasaliti, wao hawakuondoka. Mwezi wa Julai mwaka huo marabi zaidi ya 1,000 wa nchi mbalimbali walitia saini barua ya kupinga njaa kutumiwa kuwa silaha. Na tarehe 28 Julai jumuiya mbili za haki za binadamu za Israeli yenyewe, B'Tselem na ile ya Madaktari, zilitangaza kwamba linalofanywa na nchi yao Gaza ni mauaji ya kuangamiza watu. Serikali ilikanusha vikali.

Kuna na mateka wa aina nyingine ambao redio huwaita mahabusi. Jumuiya ya Kiisraeli iitwayo HaMoked hutoa hesabu yao. Katika mwaka 2025 Wapalestina zaidi ya 3,000 walikuwa wamefungwa kwa amri ya utawala, bila mashtaka na bila hukumu. Mama wa Nablus au Hebron ambaye hajui mwanawe atatoka lini, naye ana kiti kitupu nyumbani kwake. Walioandika hesabu hiyo na kuitangaza wanaishi Jerusalem, na wengi wao ni Mayahudi.

Haifai kumdanganya msomaji: sauti hizi hazikuwa za wengi katika Israeli. Lakini zilikuwapo, na zilisemwa kwa gharama.

WALIO MBALI

Mayahudi wengi hawaishi Israeli, nao hawakusalimika na mgawanyiko huo. Tarehe 27 Oktoba 2023 mamia ya Mayahudi wa New York walikamatwa katika stesheni kubwa ya reli ya Grand Central walipokaa chini wakitaka vita visimamishwe, wakisema kwamba visipiganwe kwa jina lao. Wengine, katika mji ule ule, waliandamana kuunga mkono vita. Katika nyumba nyingi baba na mwana hawakuweza kuzungumza mezani.

Juu ya hayo ikaja hofu. Tarehe 2 Oktoba 2025, siku ya saumu yao kuu, sinagogi moja ya Manchester ilishambuliwa na waumini wawili wakafa. Tarehe 14 Desemba 2025, katika sikukuu ya Hanukkah, watu 15 waliuawa kwa risasi ufukweni Bondi, Sydney. Aliyemrukia mmoja wa washambuliaji akampokonya bunduki kwa mikono mitupu, naye akajeruhiwa, ni Mwislamu mzaliwa wa Syria, Ahmed al Ahmed, mwenye duka la matunda. Hakuuliza kwanza waliokuwa wakikimbia ni wa dini gani.

Moto huu ulifika na Afrika Mashariki. Vijana wawili wa Kitanzania walikwenda Israeli Septemba 2023 kujifunza kilimo, na hawakutimiza hata miezi miwili. Wote wawili waliuawa tarehe 7 Oktoba. Maiti ya mmoja ilibaki Gaza miaka miwili, na ilirejeshwa Novemba 2025. Wazee wake walingoja muda huo wote wapate cha kuzika. Msomaji akikumbuka maiti ya Rabi Meir na miaka yake 14, ataona kwamba kaburi la mtu nalo ni deni, kwao na kwetu.

KITABU NA MSHIKA KITABU

Wiki kadhaa baadaye nililirudisha jawabu barazani. Nilimkumbusha yule kijana Aya ya 32 ya Sura ya Al-Maida. Humo Qurani yenyewe yaeleza kwamba hukumu ya uzito wa nafsi moja kuwa sawa na uzito wa watu wote waliandikiwa Wana wa Israili. Wao nao wanayo katika Mishna yao. Nikamkumbusha mateka wa Badr wasiokuwa na mali, waliojikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Nikamkumbusha pia kwamba Sura ya Al-Insan yawasifu wale wamlishao mateka chakula wanachokipenda wenyewe, na mateka wa wakati ule alikuwa mtu wa upande wa adui.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "kitabu chao hakikuwaambia walie kwa mtu wao tu. Walio na kitabu wamegombana juu ya mahali pa kuuweka mpaka wake, na sisi twaweza kuponzwa na jambo hilo hilo. Ukimchukia Yahudi kwa kuwa ni Yahudi, utamchukia na yule aliyesimama Tel Aviv na picha ya mtoto wa Gaza. Na ukimhurumia mateka wa upande mmoja tu, umesimama na wale unaowalaumu."

Mzee aliyemkatiza kijana mara ya kwanza alikuwa kimya. Sasa akaweka kikombe chini. "Wewe wayasema hayo," alisema, "kwa kuwa hukuzika mwana."

Kweli, sikuzika mwana katika vita vile. Nikamwambia, "Ndiyo maana, mzee wangu, sikukuletea maneno yangu. Nimekuletea ya mama wa Hersh, ya Inon na ya Abu Sarah. Wao wamezika."

Hakujibu. Alimwashiria muuza kahawa anijazie kikombe. Nami nilipofika nyumbani niliandika beti hii moja:

Mateka ni mwana wako, japo mbali kazaliwa,
Machozi ya mama yako, na ya mwenzio ni sawa,
Wa huku na wale huko, mizani moja hutiwa,
Roho moja kuokowa, dunia imeokoka.